Usaili wa Siwema wa Chemchemi

Nchi yetu ya Shwarini haina tatizo lolote. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani kwamba haya nitakayoyasimulia ni tatizo. Ni tukio tu, na lilimpata binti aitwaye Siwema, mzaliwa wa mji wa Chemchemi, aliyekuwa akisomea uhandisi wa maji katika chuo kikuu chetu.

Chemchemi ni mji mzuri. Uko bondeni, chini kidogo ya Kiwanda cha Ngozi cha Taifa, kile kinachotengeneza viatu vya gwaride. Viatu vyetu vya gwaride vinang'aa kuliko vya jirani zetu wote. Maji ya kuoshea ngozi humwagwa mtoni, na mtoni humo ndimo bomba la mji linamovuta maji. Yana rangi ya chai ya maziwa, na harufu ambayo Wizara imeieleza kuwa ni ya kihistoria. Watoto wa Chemchemi hutoka vidonda visivyopona, na baadhi yao huvimba uso na miguu kwa maradhi ya figo. Mmoja wao alikuwa Mishi, mdogo wake Siwema. Mishi alikuwa amefika umri wa kwenda sekondari, lakini mwili wake ulikuwa wa mtoto wa darasa la pili.

Siwema alichagua kusomea maji kwa sababu ya Mishi. Aliporudi likizo ya kwanza aliwaambia wanawake wa mtaani kwao wasiwape watoto maji ya bomba, hata yakichemshwa, kwa kuwa dawa za kiwanda cha ngozi haziondoki kwa moto. Wengi wakamsikiliza. Wakaanza kupanda hadi kisima cha kilimani, njia ya mawe na jua, wakarudi na ndoo vichwani. Redio ya Taifa iliwasifu kwa kupenda mazoezi.

Basi ikatokea taasisi moja ya nchi za theluji ikatangaza nafasi za mafunzo kwa vitendo kwa wanafunzi wa fani ya maji. Mwanafunzi angekaa huko karibu mwaka mzima akijifunza namna ya kuondoa kemikali za viwandani kwenye maji ya kunywa. Siwema alilisoma tangazo hilo kwenye ubao wa maktaba, akalisoma tena, kisha akakaa kwenye ngazi. Aliona kama limeandikwa na mtu aliyewahi kufika Chemchemi. Akaomba, na haukupita muda akaitwa kwenye usaili.

Ziko nchi ambazo zingemwacha binti kama huyo aende usailini peke yake kama yatima. Shwarini hatuna roho hiyo. Tunayo Idara ya Kuandaa Majibu, na raia yeyote anayetaka kuulizwa swali na mgeni hupitia kwanza hapo.

Mkurugenzi wa Idara hiyo alikuwa Bwana Salehe Mwinyigogo, mtu aliyezoea kuongea kana kwamba nyuma yake kuna bendera, na kweli ilikuwapo.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Siwema Chande."

"Marahaba. Siwema." Alilirudia jina polepole, kama mtu aliyeng'ata kijiwe kwenye wali. "Unaona tulivyoanza vibaya. Wageni wakiuliza maana yake tuwaambie nini? Kwamba tumewaletea mtu asiye mwema? Siku ya usaili utaitwa Njema."

"Nilipewa na bibi, mzee. Alikuwa amefiwa na watoto, akaona mtoto akiitwa jina baya kifo hakitamtamani."

"Bibi yako tunamheshimu," alisema Mkurugenzi. "Lakini bibi yako hakuwahi kusailiwa."

Mafunzo yakaanza. Siwema alifundishwa kuingia mlangoni kwa tabasamu la kitaifa, ambalo ni kubwa kuliko la kawaida lakini halionyeshi magego. Alifundishwa kukaa kama mtu aliyeshiba. Watumishi wawili wa Idara walivaa makoti ya sufu na skafu shingoni ili wafanane na wageni, wakaketi nyuma ya meza huku jasho likiwachuruzika hadi kwenye ndevu.

"Nchi yenu ina changamoto gani?" aliuliza mmoja, akijifanya mgeni.

"Changamoto yetu ni mafanikio," alijibu Siwema kama alivyofundishwa. "Yanakuja kwa kasi hata hatujui tuyaweke wapi."

"Udhaifu wako ni upi?"

"Naipenda nchi yangu kupita kiasi."

"Kwa nini unataka kujifunza kusafisha maji?"

Hapo Siwema alisita. Jibu la Idara lilikuwa: ili niwasaidie jirani zetu, ambao maji yao ni machafu.

"Mzee," alimwambia Mwinyigogo, "wakiniuliza ya kwetu je?"

"Ya kwetu yana historia."

"Watu wanaumwa, mzee."

Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. Hakukasirika. Alimtazama kwa huruma ya mtu anayemwona mtoto akicheza karibu na moto. "Binti, wewe unakwenda kuomba nafasi. Huendi kushitaki. Anayeomba husema kheri."

Kazi ya kutafsiri alipewa Bi Asumini Ngwale, mwanamke wa makamo, mpole, aliyekijua Kigeni kuliko mtu yeyote nchini. Siwema naye alikuwa amekisoma Kigeni vizuri, lakini kanuni zetu haziruhusu raia kuongea na mgeni bila mkalimani. Ni suala la heshima. Maneno ya raia yakifika kwa mgeni yakiwa mabichi yanaweza kumdhuru tumbo.

Jioni Siwema alimpigia simu mama yake, Bi Mize, akamweleza yote.

"Wanataka niseme maji yetu ni safi, mama."

Bi Mize alijibu, "Sema wanavyotaka, mwanangu. Upate, uende. Ukirudi na ujuzi nani atakumbuka ulisema nini?"

"Mishi anaendeleaje?"

"Leo amekunywa uji. Si wote. Lakini haukurudi."

Siwema alipokata simu alikuwa ameshaamua kusema wanavyotaka. Nalieleza hili ili ijulikane kwamba hakwenda usailini kwa nia ya kuiaibisha nchi. Alikwenda na majibu yote kichwani na tabasamu la kitaifa usoni, akiwa ameazima gauni la buluu la rafiki yake lililombana mabegani.

Usaili ulifanyika katika ukumbi wa hoteli. Kiongozi wa wasaili alikuwa Daktari Runa, mwanamke mzee mwembamba aliyekuwa akiandika mambo machache na kutazama sana. Kushoto kwake walikaa wenzake wawili. Siwema aliketi mbele yao, Bi Asumini ubavuni mwake, na Mkurugenzi Mwinyigogo akakaa kiti cha nyuma kusimamia. Mkurugenzi hakujua Kigeni hata neno moja, lakini alikuwa akitikisa kichwa penye kituo.

Mambo yalianza vizuri. Siwema alisema changamoto ni mafanikio, Bi Asumini akatafsiri, wasaili wakatazamana. Siwema alisema udhaifu wake ni kuipenda nchi, na mmoja wa wasaili akakohoa kwenye kiganja. Kisha Daktari Runa akaweka kalamu chini, akauliza jambo ambalo Idara haikuliwaza.

"Niambie, nyumbani kwenu ni nani aliyekufanya uchague kazi hii?"

Siwema alilielewa swali kabla halijatafsiriwa. Alitafuta jibu kichwani na hakulikuta, maana hakufundishwa. Akajibu kwa lugha yetu, kwa sauti ndogo, "Ni mdogo wangu Mishi. Anaumwa figo kwa sababu ya maji tunayokunywa."

Nyuma yao kiti cha Mkurugenzi kililia. Bi Asumini akageuka kwa wasaili akatafsiri kwa Kigeni safi, "Ni mdogo wake Mishi. Ni mwogeleaji hodari, na maji ya kwao ndiyo yaliyompa afya."

Daktari Runa akatabasamu. "Hongera zake. Amewahi kushinda mashindano?"

Siwema aliyasikia yote. Alikuwa tayari kusema uongo juu ya mto, juu ya kiwanda na juu ya nchi nzima. Lakini alimwona Mishi alivyomwacha, amekaa kwenye mkeka na miguu iliyojaa maji, na huku mezani yuko Mishi mwingine anayepiga mbizi na kuvishwa medali. Uso ukampoa. Tabasamu la kitaifa likaanguka lenyewe.

"Mdogo wangu haogelei," alisema kwa Kigeni. "Hawezi hata kupanda ngazi."

Bi Asumini aliinamisha kichwa, akatazama vidole vyake, wala hakumkatiza.

Siwema akaeleza. Alitaja kiwanda, mto, rangi ya maji, dawa zinazolainisha ngozi na zinavyofanya kazi ndani ya figo ya mtoto. Alisema vitu alivyovipima mwenyewe kwenye maabara ya chuo. Alisema wanawake wanapanda kilima. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alimaliza kwa kusema kwamba jina lake ni Siwema, si Njema, na kwamba angependa waliandike hivyo.

Mkurugenzi Mwinyigogo, aliyedhani hizo zilikuwa shukrani za kufungia mkutano, alipiga makofi.

Ndani ya gari alimuuliza Bi Asumini, "Binti alisema nini pale mwisho? Aliongea kwa hisia."

"Aliwashukuru, Mkurugenzi," alijibu Bi Asumini, akitazama nje.

Wiki chache baadaye Idara ikapokea barua ya pongezi. Bi Asumini alikuwa likizo, ikasomwa na mkalimani mwingine. Taasisi ilikuwa imempa Siwema nafasi ya kwanza, na iliishukuru Shwarini kwa kuwaletea kijana aliyeongea kwa uwazi juu ya sumu iliyomo katika maji ya Chemchemi.

Mkurugenzi alimwita Siwema ofisini. Safari hii hakumwambia akae.

"Umeniliza," alisema. "Nilikufundisha kutabasamu kama mwanangu."

"Samahani kwa usumbufu, mzee. Lakini nilisema kweli."

"Kweli ni mali ya Serikali, binti. Huwezi kuichukua tu ukaigawa hotelini." Alitembea hadi dirishani akarudi. "Hata hivyo hatumzuii mtu kuondoka. Shwarini si gereza. Tunachotaka ni uondoke vizuri. Tutafanya sherehe ndogo huko kwenu, kwenye bomba la sokoni. Utakunywa glasi moja ya maji mbele ya wananchi, redio ikiwa hewani. Utasema, ni safi, nimekulia haya. Ukimaliza, nakukabidhi hati ya kusafiria palepale. Siku ya ndege yako unaijua."

"Na nisipokunywa?"

"Usiposikia kiu, nafasi nayo imekwisha."

Siwema alirudi Chemchemi akiwa na begi lililokwisha kufungwa. Alikuta bomba la sokoni limepakwa rangi nyeupe na kufungwa utepe. Mwembe wa jirani ulikuwa umekatwa matawi ili usiweke kivuli kwenye picha. Nyumbani Mishi alimpokea kwa kicheko akataka aonyeshwe koti la baridi ambalo Siwema alinunuliwa mitumbani kwa ajili ya safari. Alilivaa, likamfika visiginoni, akazunguka nalo chumbani mpaka akachoka akaketi.

"Utaniletea theluji?" aliuliza.

"Itayeyuka njiani."

"Basi niletee picha yako umeishika."

Bi Mize alimtazama binti yake mkubwa kwa muda. Hakumuuliza atafanya nini. Alimwekea chakula na maji ya kisimani, akakaa karibu yake mpaka alipomaliza.

Asubuhi watu walijaa sokoni. Wanawake walikuja na ndoo tupu, kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa kimepita mitaani kikitangaza kwamba mtaalamu wao mwenyewe, binti yao, angethibitisha usalama wa maji. Siwema alipokuwa akielekea jukwaani, mwanamke mmoja alimshika mkono. Alikuwa Mwanasha, jirani yao, mjamzito, tumbo limeshuka.

"Siwema, mdogo wangu," alisema. "Nimesikia wamefunga mtambo mpya. Ni kweli?"

"Nani kasema?"

"Wanasema tu. Mimi nitakutazama wewe. Ukinywa, na mimi nitakunywa. Nimechoka kupanda kilima na tumbo hili, nakuambia kweli. Jana nilianguka."

Hakuwa akimtega. Alikuwa akimwomba. Siwema alitaka kumjibu lakini mtumishi wa Idara akamvuta mkono, akapelekwa mbele.

Mkurugenzi Mwinyigogo alikuwa mezani na wageni rasmi, wakimalizia sambusa. Alisimama akapangusa vidole, akahutubia. Alisema maji ni uhai, na uhai ni maendeleo, na maendeleo ni viatu. Alisema kuna maadui waliosambaza fununu kwamba mto wetu una sumu, nao mto, kwa ustaarabu wake, haukuwajibu. Watu walipiga makofi pale mtumishi alipoinua kitambaa kuwapa ishara.

Bi Asumini ndiye aliyeleta glasi juu ya sinia. Alikuwa amerudishwa kutoka likizo kwa ajili ya shughuli hiyo. Alipoinama kumkabidhi Siwema alimnong'oneza bila kuchezesha midomo, "Ni ya chupa. Nimeyamimina mwenyewe. Kunywa uende zako, mwanangu. Hayatakudhuru."

Siwema alishika glasi. Maji yalikuwa meupe, hayana harufu. Angeyanywa yote yasimfanye kitu. Hati ya kusafiria ilikuwa mezani mbele ya Mkurugenzi, imewekwa kwenye mto mdogo wa hariri. Alimwona mama yake nyuma ya umati akiwa amemshika Mishi begani. Alimwona Mwanasha mbele, ndoo miguuni, akimtazama mdomo wake na si kitu kingine.

Aliiinua glasi hadi kifuani. Mtangazaji wa redio akasema taratibu, kama anayetangaza penalti, kwamba sasa binti anakunywa.

Siwema akamwaga maji chini.

Alifanya hivyo bila haraka, mpaka tone la mwisho. Kisha akaenda kwenye bomba, akakata utepe kwa kuuvuta, akafungua. Maji yakatoka yakikohoa, rangi ya chai ya maziwa, na harufu ya kihistoria ikaenea hadi meza kuu. Akakinga glasi ikajaa. Akaipeleka kwa Mkurugenzi, akamshikia kwa mikono miwili kama anavyopewa mkubwa.

"Karibu, mzee," alisema. "Mimi nimekulia haya, hakuna atakayeshangaa nikinywa. Wewe ni mgeni wetu. Anza wewe, nami nitakunywa baada yako."

Mwinyigogo aliitazama glasi, akautazama umati. Kipaza sauti cha redio kilikuwa kimesogezwa karibu na kidevu chake, maana mtangazaji alifuata sauti ilipokwenda.

"Ningependa sana," alisema hatimaye. "Lakini leo nimefunga."

Makombo ya sambusa yalikuwa bado kwenye masharubu yake.

Hakuna aliyecheka, hakuna aliyezomea. Mwanasha aliinama kwa shida, akaokota ndoo yake, akaiweka kichwani. Akageuka, akaanza kuelekea njia ya kilimani. Aliyekuwa karibu naye akafuata, na wa nyuma yake, mpaka soko zima likawa migongo na ndoo. Mtangazaji, ambaye hakuandaliwa kwa hili, aliwaambia wasikilizaji kwamba wananchi wameridhika sana na maji hayo hata wameondoka kabla ya sherehe kwisha.

Hati ya kusafiria ilirudishwa kwenye bahasha pamoja na mto wake wa hariri. Siwema hakuiomba. Alishuka jukwaani, akapita katikati ya viti vitupu hadi kwa mama yake.

"Safari imekwisha, mama."

"Nimeona."

"Umenikasirikia?"

Bi Mize alifikiri kwanza. "Nimekasirika," alisema. "Lakini si wewe. Twende, mdogo wako amechoka kusimama." Wakambeba Mishi kwa zamu, Siwema akitangulia. Walipofika nyumbani Siwema alichukua ndoo bila kuambiwa akapanda kilimani na wenzake. Huko kisimani, alipokuwa akivuta kamba, machozi yalimtoka kwa wingi hata mikono ikamlegea. Mwanasha akashika kamba kutoka upande wa pili, wakavuta pamoja.

Daktari Runa aliandika kuuliza kwa nini binti hakufika. Idara ilimjibu kwamba ameghairi kwa mapenzi ya nyumbani. Nafasi yake alipewa kijana mwingine mwenye tabasamu zuri zaidi, anayesomea utunzi wa nyimbo za gwaride. Bi Asumini alihamishiwa wilaya ambayo haijawahi kufikiwa na mgeni. Chuo kilimwambia Siwema apumzike kwa muda usiojulikana. Mishi amepungua uvimbe kidogo tangu wameacha kabisa maji ya bomba, ingawa daktari amesema figo iliyoharibika hairudi, na bado analivaa lile koti.

Kuhusu bomba la sokoni, Serikali haikulitelekeza. Limezungushiwa uzio wa chuma na kuwekewa mlinzi mwenye bunduki, ili wananchi wasije wakaligombania. Mlinzi huyo ni kijana mwadilifu, hakosi hata siku moja. Hufika asubuhi na mapema, hupiga saluti, huketi kando ya bomba lake, kisha hutoa mkobani chupa ya maji aliyotoka nayo kwao.